Moto Uliobaki Nyuma

"Ukihama nyumba, nani anabaki humo?" Jirani aliwahi kumwuliza Adela hivyo baada ya Adela kumzika mumewe. Swali lilimrudia ndani ya basi la kwenda kijiji cha Mpui, rozari mkononi, akiwasikiliza abiria wawili wa kiti cha mbele.

Bashiri, mwenye duka mjini Sumbawanga, alisimulia sinema ya Kibengali. "Haina ngumi wala nyimbo! Mto unawafukuza watu, wanahamia Kalkata, wanabanana kama dagaa kwenye gunia. Mwishoni tunaonyeshwa nyumba yao kule kijijini. Haina mtu, na jikoni moto unawaka."

"Nani kauwasha?" aliuliza Bertilla, mkulima aliyeketi naye.

"Dada, hata mwenye sinema hakusema."

Bertilla alishusha sauti. "Kwetu anayehama humwagia jiko maji, akawaaga wazee waliotangulia kufa. Lakini lori la kutupeleka kijiji cha ujamaa lilipiga honi, tukapanda, moto tukauacha. Tangu hapo, mwaka sasa, mwanangu Eustace huamka akikohoa, anasema moshi, na jikoni kwetu moto umezimwa."

"Moto gani uwake mwaka mzima? Mpeleke zahanati."

"Nilimpeleka. Wanasema kifua ni kizima."

"Basi usirudi kule kuuzima, ni marufuku, mgambo watakukamata."

Adela alijua padri angesema huo ni ushirikina, lakini aliendelea kuhesabu punje za rozari. Dereva alisimama kutia maji kwenye rejeta, kando ya mahame yenye kuta bila paa. Bertilla akanyanyua kibuyu chake cha maji. "Kwetu kulikuwa hapa," alisema.

"Dada, basi halitakungoja!" Bashiri alipaza sauti.

Bertilla alishuka, akazifuata zile kuta.