Bwana Alinipa Nyumba, na Wifi Ndani Yake

Wapendwa wa Bwana, Yesu asifiwe! Mimi ni Tumpe, mtoto wa milima hii hii ya Mbeya, ila niliolewa Nyololo, kule Mufindi, na uzee umenikuta huko huko. Nimekuja kwenu na neno moja tu: Mungu ananipenda!

Mume wangu alipofariki hatukuwa na mtoto. Ukoo ukakaa kikao, na wifi yangu Leonida ndiye aliyesimama akasema, "Huyu ni Mnyakyusa, arudi kwao. Nyumba ni ya kaka yetu." Ndugu zangu, matofali ya nyumba ile niliyafyatua kwa mikono hii! Nilitoka na godoro, sufuria na Biblia.

Nikapanga chumba kando ya barabara kuu, nikawa nauza viazi vya kuchemsha kwa abiria. Lakini magoti yakakataa kukimbilia mabasi. Bati nalo lilikuwa limetoboka, na baridi ya Mufindi ya mwezi wa sita mnaijua, ukungu unaingia hadi kwenye blanketi. Halafu mwenye nyumba akaja. Anabomoa, anajenga fremu za maduka. "Bibi, tafuta pengine kabla ya mwezi kwisha." Nitafute wapi na miaka sabini na miwili? Nililia mbele za Bwana, nikamwambia, kama umenisahau, niambie tu nijue.

Hakunisahau! Wiki ile ile mtendaji akatangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba serikali imeleta fedha, halmashauri inamalizia nyumba za wazee wa kipato kidogo, na kodi yake hata mtu kama mimi anaiweza. Nikajiandikisha. Afisa ustawi wa jamii, dada mmoja mpole, akaja kukiona chumba changu. Alitazama bati, akatazama beseni la kukingia maji juu ya kitanda, akaandika kwenye karatasi zake. Jina likapita! Haleluya!

Siku ya funguo nikaiona nyumba: vyumba viwili, jiko moja, bomba la maji mlangoni. Kila nyumba wazee wawili. Nikauliza, "Mwenzangu nani?" Yule dada akanionyesha mama aliyejikunyata ukutani kwenye manyunyu, ana kifurushi. Leonida!

Mwanawe alikuwa ameiuza ile nyumba niliyofukuzwa mimi, alimokuwa akiishi yeye, akahamia Igawa, simu hapokei. Yule dada akaona uso wangu umebadilika, akaninong'oneza, "Bibi, ukikataa tutakutafutia mwingine. Ila yeye itabidi asubiri nyumba za awamu ijayo, na sijui ni lini."

Nisiwadanganye, ndugu zangu, niko kanisani. Neno "nakataa" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilifurahi, kweli nilifurahi, kumwona ananyeshewa. Na yeye hakujitetea. Alisema tu, "Wifi, nilikutoa mimi. Ukisema niende, nitakwenda."

Kisha akakohoa. Kikohozi cha kaka yake kabisa, kile nilichokisikiliza miaka yote ya ndoa yangu. Hapo Bwana akanivunja. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Ingia ndani, wifi. Utaugua."

Hakuingia. Alipiga magoti pale kwenye tope, tukalia wote wawili, na yule dada wa serikali naye akalia, karatasi zake mkononi.

Ni mwaka wa pili sasa. Yeye anatangulia kuamka kuwasha moto, kwa ajili ya magoti yangu. Mimi namsomea Neno, maana macho yake hayaoni herufi. Siku nyingine tunagombania chumvi, sisi ni binadamu!

Namshukuru Mungu. Naishukuru serikali, na yeyote aliyekaa ofisini akakumbuka kwamba wazee nao wanahitaji paa. Mzee mwenzangu unayelala kwa watu kwa masimango, usione haya, nenda kaandikishe jina lako. Na wewe uliyemfungia mtu moyo, Bwana anaweza! Mimi nilikuwa mgumu kuliko ninyi nyote. Mtumainini!

Leonida yuko pale nyuma, tumekuja basi moja. Wifi, simama watu wakuone.