Maji Yaliyovuka Vijiti

Kijiwe chetu cha Kibirizi kimehama mara tatu, na mara zote aliyekihamisha ni ziwa. Tunabeba benchi, Gervasi muuza kahawa anabeba birika na jiko lake la makaa, tunarudi nyuma hatua ishirini, tunakaa, tunaendelea na ubishi pale tulipouachia. Asubuhi hiyo walikuwapo Leonardi, tunayemwita VAR kwa sababu hakuna jambo asilotaka lirudiwe kutazamwa. Martini, aitwaye Kamati, mjumbe wa kila kikao hapa mtaani hata kile asichoalikwa. Meshack Injini, fundi wa mashine za boti, mdogo kuliko wote na mwenye sauti kuliko wote. Na mzee Telesphory, fundi mitumbwi, aliyeshika simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai ashike. Binti yake, Elida, hubeba mifuko ya wacheza gofu Morogoro. Jana wabeba mifuko wenyewe, makedi, walishindanishwa, na mshindi angechukuliwa kufundishwa awe mwalimu wa mchezo huo. Katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na Elida alishindwa kwa pigo moja. Asubuhi alimtumia baba yake ujumbe wa sauti, na mwishoni aliuliza: Baba, nikate tiketi ya treni ya kesho, nirudi nyumbani?

Mzee alikuwa hajajibu.

— Rudisha nyuma kidogo, mzee, alisema VAR. Pale penye maji.

Mzee Telesphory akabonyeza. Sauti ya Elida ikatoka, nyembamba, kama ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anasimulia tu.

"Kwenye shimo la saba kuna bwawa, Baba. Limezungushiwa vijiti vyekundu. Mpira ukiingia humo, unaruhusiwa kuudondosha nje, lakini unajiongezea pigo moja. Ndiyo adhabu. Sasa usiku mvua ilinyesha, bwawa likajaa, likavuka vijiti. Mpira wangu ulikuwa majini, ila upande wa nje wa vijiti. Nikaudondosha pakavu, nikajiandikia adhabu. Nimeshasaini kadi ya hesabu ya mapigo ndipo mwamuzi ananiambia maji yaliyovuka vijiti ni maji ya muda, unasogeza mpira bure. Lakini kadi ikishasainiwa na hesabu kubwa kuliko ile halisi, inabaki hivyohivyo."

— Wizi huo! alipaza sauti Injini. Wizi wa mchana kweupe!

— Nani kaiba? aliuliza Gervasi akimimina.

— Maji!

— Mimi nashauri tuunde kamati, alisema Kamati. Barua iende Morogoro leo leo, ikiwa na muhuri wa mtaa. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Sasa si ndiyo wanasema yameshamwagika, Kamati? Unaandika barua ya nini? aliuliza Gervasi.

— Naandika ili wajue kwamba sisi tunajua kwamba hayazoleki.

VAR alitikisa kichwa. — Mnakimbilia adhabu kabla ya tukio. Swali ni moja. Yale yalikuwa maji ya bwawa au maji ya mvua? Mvua ndiyo iliyonyesha. Bwawa ndilo lililofurika. Utayatenganishaje?

— Rahisi, alisema Injini. Angalia kama yana samaki. Yakiwa na samaki, ni bwawa. Yakiwa na vyura, ni mvua.

— Na yakiwa na wote wawili? aliuliza VAR.

— Hapo chacha. Nusu pigo.

Tulicheka, na Injini akapata nguvu. Akasimama, akaonyesha ufukweni, pale ambapo ncha za mapaa mawili ya nyumba zilizomezwa zinaonekana juu ya maji mpaka leo.

— Wazee, sikilizeni. Hii sheria ni yetu! Tuchomeke vijiti vyekundu Kibirizi nzima, pale ziwa lilipokuwa zamani. Maji yote ya huku upande wa nje yanakuwa ya muda. Serikali ya mtaa inayatangaza. Halafu kila mtu anasogeza nyumba yake. Bure!

— Na ziwa likikataa? aliuliza Gervasi.

— Linapigwa adhabu.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema Kamati kwa uzito mkubwa, na kama kawaida hakuna aliyejua anamaanisha nini, hata yeye mwenyewe.

Wakati huo mzee Telesphory alikuwa anatazama kikombe chake. Kahawa ilikuwa imeshapoa.

— Hakukuwa na mtu, alisema.

— Wapi, mzee?

— Hapo bwawani. Anasema wenzake walikuwa ng'ambo, wanatafuta mpira wa mwingine. Hakuna aliyemwona. Alijihukumu mwenyewe.

— Si angenyamaza! alisema Kamati. Nani angejua?

— Angenyamaza, nisingemtaka awe mwanangu.

Kamati akashusha macho.

— Kosa ni langu, aliendelea mzee. Ninyi mnakumbuka ziwa lilipokuja mara ya kwanza. Lilikula jiko. Elida alikuwa bado anasoma. Alichukua fimbo, akachora mstari mchangani mbele ya mlango, akasema, Baba, hapa ndiyo mwisho wake, hapa ni kwetu. Nikamgombeza. Nikamwambia, ziwa halichorewi mstari. Maji ya ziwa popote yalipofika ni ziwa. Unayaachia, unarudi nyuma, unalipa. Tukabeba vitanda. Mara ya pili hakuchora tena, alianza kubeba mwenyewe kabla sijamwambia.

Injini alikuwa amesimama bado. Akakaa.

— Sasa ona, alisema mzee. Mtoto kaenda mpaka Morogoro, kakuta vijiti vimechomekwa wazi, vyekundu. Maji yamevuka. Yeye akayaachia, akarudi nyuma, akalipa. Sasa mimi nimjibu nini? Nimwambie rudi? Arudi wapi, kwenye benchi linalohama? Nimwambie baki? Abaki na aibu niliyompa mimi?

Hapo VAR hakutaka chochote kirudiwe. Gervasi alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

— Mwakeye, mabwana.

Aliyetusalimia hivyo, kwa lugha ya kwetu, alikuwa mwanamke tusiyemjua, na galoni la mawese kichwani. Alilitua chini, akajifuta shingo. Alisema anaitwa Rozalia, katoka Ilagala, anasubiri boti ya Kagunga, na je, kahawa ipo? Gervasi akampa kikombe. Injini, ambaye hawezi kukaa na siri wala na huzuni, akamsimulia yote kwa pumzi moja: Elida, bwawa, vijiti, mvua, pigo, treni.

Rozalia alisikiliza mpaka mwisho. Akanywa kahawa yake taratibu.

— Mchezo huo una mashimo mangapi?

— Kumi na nane, alisema VAR haraka.

— Hilo la maji ni moja.

— Moja, la saba.

— Na hayo kumi na saba alichezaje?

Kamati alitazama angani kana kwamba jibu limebandikwa huko. Injini alinigeukia mimi, nami nikamgeukia mzee. Mzee Telesphory alikuwa anatazama simu. Miaka minne binti yake yuko Morogoro. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anachezaje.

Mzee akapiga. Akaweka sauti kubwa, maana masikio yake yameharibiwa na nyundo.

— Shikamoo Baba. Nikate tiketi?

— Marahaba. Ngoja kwanza. Shimo la kwanza ulipigaje?

— Baba?

— La kwanza. Nipo na wenzangu hapa, wote wanataka kusikia.

— La kwanza... lina mteremko, Baba. Upepo ulikuwa unatoka mlimani. Niliupiga chini chini, usichukuliwe.

— Kama unavyoelekeza mtumbwi, wimbi likiwa ubavuni.

— Hivyohivyo! Ukaenda, ukaenda, ukasimama hatua tatu kutoka kwenye shimo.

— Tatu! alinong'ona Injini, akajishika kichwa.

Akatueleza la pili, na la tatu ambako alipiga mpira kutoka kwenye mchanga mpaka mabwana wawili wakampigia makofi. La nne, la tano, la sita. Sauti yake ilikuwa inanenepa kila shimo. Alipofika la saba ikakatika.

— Hapo najua, alisema mzee. Hapo ulikuwa unanisikiliza mimi. Nilikuonea, mama. Mstari uliochora mlangoni ulikuwa mstari mzuri. Niliogopa tu. Usikate tiketi. Haya, la nane.

Tulimsikia akivuta kamasi, na nyuma yake ndege wa Morogoro.

— La nane ni refu, Baba.

— Tuna muda.

Boti ya Kagunga ilipiga honi mara mbili. Rozalia aliitazama ikiondoka, akasogeza galoni lake kivulini, akakaa mwisho wa benchi. Kahawa ilituishia Elida akiwa shimo la kumi na moja. Hakuna aliyeinuka.