Midomo Miwili Myekundu: Miaka Thelathini na Mmoja ya Bwana Mswaki

Sisi tuliombembeleza apunguze mwendo tumeshindwa: mzee wetu ametumikia Kitengo cha Elimu ya Afya miaka thelathini na mmoja, anastaafu Ijumaa hii, tarehe tano, na juzi bado alikuwa shuleni akikagua vyoo.

Alianza kama mpulizaji wa dawa ya mbu, pampu mgongoni. Miaka minne baadaye akapelekwa chuo, akarudi akiwa afisa wa elimu ya afya mashuleni. Jina la Bwana Mswaki alilipata mwaka huohuo, baada ya seremala kumchongea mswaki wa mbao mrefu kama mkono wa mtu mzima, aufundishie watoto. Aliubeba begani kila alikokwenda. Siku moja mlinzi wa ofisi moja alimsimamisha getini akamuuliza, "Mzee, hiyo silaha au mwiko?" Mzee alimfundisha mlinzi yule kupiga mswaki papo hapo, mbele ya foleni nzima.

Alikuwa na utaratibu wake. Akifika shule yoyote, kabla ya salamu za ofisini, kabla ya kitabu cha wageni, anaomba kuonyeshwa choo cha wanafunzi. Si cha walimu. Walimu wakuu waliujua mtindo huo hadi mmoja wao akawa anampigia mlinzi wa shule yake simu: "Mswaki kashuka kwenye gari, mwaga maji haraka!" Mzee alicheka aliposikia. Alisema choo kilichosafishwa kwa hofu nacho ni choo safi.

Leo shule ishirini na sita zina klabu za afya alizoanzisha yeye. Zote zina ndoo za bomba za kunawia mikono, na kumi na tisa zina chumba cha wasichana cha kubadilishia wakiwa hedhini, chenye maji, ndoano ya kutundikia sketi na komeo la ndani. Komeo alilidai kwa barua saba. Lakini ukimuuliza kazi yake kubwa ni ipi, hakutajii hata moja kati ya hizo. Anakutajia kosa lake.

Lilitokea mwaka wake wa kumi na mbili kazini. Kitengo kilikuwa kimepata vidonge vyekundu vya kutafuna, vinavyopaka rangi uchafu ulioganda kwenye meno. Mtoto anatafuna, anajitazama kwenye kioo, kisha anapiga mswaki mpaka wekundu uishe. Mzee aliwagawia watoto wa darasa la tatu kipindi cha mwisho. Wakatafuna. Kwenda bombani, maji yamekatika. Kengele ikalia, na watoto arobaini na wanane wakatoka mbio kwenda makwao na vinywa vyekundu mpaka kooni.

Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari moja: watoto wamenyweshwa damu shuleni. Na Jumatano iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya chanjo ya surua shuleni hapo. Surua ilikwisha kuingia mtaa wa pili, watoto watatu walikuwa wamelazwa. Kesho yake nusu ya madawati yalikuwa matupu. Wazazi walisema wazi: "Leo damu, wiki ijayo sindano. Mtoto wangu haji."

Mkuu wa kitengo wa wakati huo alitaka ipelekwe barua yenye muhuri. Mzee alikataa. "Barua haina mdomo," alisema. "Kosa ni langu, nitalitembeza mwenyewe." Akachukua vidonge vilivyobaki, akaenda na kisa hicho kwa mke wake, fundi cherehani, akamweleza kwamba atatafuna kimoja kila alasiri na kupita nyumba kwa nyumba.

Mkewe akazima cherehani. "Utembee na mdomo mwekundu peke yako, watu waseme nimekupiga? Lete na changu."

Basi wakatembea wote wawili, alasiri tano mfululizo, yeye na ndoo ya maji, mkewe na vikombe na miswaki. Saluni, kwa muuza mkaa, kwenye foleni ya maji. Wanatabasamu kwanza, watu wanashtuka, kisha wanaeleza, wanapiga mswaki hadharani, wanaonyesha meno meupe. Mama mmoja pale saluni aliuliza, "Shoga, hata wewe kakunywesha?" Mkewe akajibu, "Miaka yote hii nala naye sahani moja. Angekuwa na sumu, mngekwisha nizika." Nyumba ya mwisho, bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu wawili alinyoosha kiganja: "Nipe na mimi. Ninayo mawili tu, lakini nayo ni meno."

Wanandoa wapya tulioko kitengoni, nami nikiwamo, tumesikia mahubiri mengi kuhusu mapenzi. Sijasikia yanayoishinda sentensi ile ya "lete na changu".

Jumatano ilifika. Saa mbili uwanja ulikuwa mtupu. Saa tatu, mtupu. Muuguzi alikaa na kasha lake la barafu, mzee akasimama getini. Saa tatu na nusu akatokea yule bibi, mjukuu kila mkono. Nyuma yake wakaja majirani zake, na nyuma yao mtaa. Kufikia saa tisa walikuwa wamechanjwa wanafunzi mia nne na kumi na saba kati ya mia nne na thelathini. Waliobaki kumi na watatu aliwafuata majumbani. Wa mwisho, mtoto wa fundi uashi mmoja aliyekuwa akijibu "kesho" kila siku, alichanjwa siku ya kumi na moja.

Mwezi uliofuata surua ilipita katika mtaa ule. Shule ile haikuzika mtoto.

Mzee wetu, kitengo kinakushukuru, na kinamshukuru mkeo ambaye hakuwahi kuajiriwa hapa lakini alifanya kazi yetu kutuzidi wengi. Pumzikeni, mlale mpaka jua liwaamshe, na afya mliyoigawa kwa wengine iwarudie nyumbani.

Wiki ijayo tunachanja tena katika shule ileile, mara ya kwanza bila wewe getini. Tunajua hawatafika wote. Kwa hiyo msifunge mlango: kabla mwezi huu haujaisha, mimi na mume wangu tutapiga hodi kwenu na orodha ya waliokosekana, utuambie tuanze na nyumba ipi.