Jogoo Alikuwa Tayari

Kwenye feri ya Mbita kwenda Mfangano, mwanamume wa miaka arobaini na kitu aliyeketi karibu nami alimweleza mama muuza dagaa wa omena, ambaye hakuwa amemuuliza, kwamba ametoka Uingereza alikokuwa akisomea shahada ya uzamili ya biashara. "Niliomba ruhusa kazini benki, nikaenda miaka miwili." Mama akasema hongera, akaendelea kufunga gunia lake.

"Kabla sijaenda, baba alinionyesha mahali pa kujenga boma langu. Jogoo alikuwa tayari, shoka tayari, vile mila yetu inavyotaka baba amshikie mwanawe siku ya kufungua boma. Nikamwambia, mzee, nisubiri nimalize masomo."

Mama aliacha gunia. "Na wewe ndiye kifungua mimba?"

"Ndiye mimi."

"Wee! Kwa hivyo wadogo zako wakakaa tu, maana hawawezi kukutangulia kujenga?"

"Ni mmoja, Frankline. Ana watoto wanne, na bado analala katika kibanda cha ujana wake. Baba alifariki Machi, siku ya mtihani wangu wa kupanga miradi."

Kupanga miradi! Niligeukia ziwa nisije nikacheka, kisha hamu ya kucheka ikaniisha.

"Baba yako mdogo atakushikia jogoo," mama akasema kwa upole. "Lakini si mkono wa baba."

"Si mkono wa baba," akakubali.

Gati lilikuwa limekaribia. "Huyo Frankline anajua unakuja?"

"Nilimpigia asubuhi, alikuwa akitoka kwenda shambani. Nikamwambia anisubiri."

Mama alimtazama mpaka feri ikagota gati.