Zamu ya Kalista

Redempta alizoea kusinzia kwenye pikapu ya kutoka Pito hadi mjini, lakini asubuhi hiyo kicheko cha jirani yake Zenon kilimwamsha.

"Shikamoo, balozi! Umetuongoza kufukia majani ya mbolea matutani kwa kila mtu, hata kwangu mimi mvivu. Mbona kwako nyasi zinanipita kimo?"

"Marahaba, Zenon. Nilijipanga wa mwisho," alijibu Kalista, balozi wao wa nyumba kumi. Tangu ruzuku ya mbolea ifutwe, yeye ndiye aliyewakusanya majirani walime kwa zamu.

"Mwisho gani, mama? Mvua imeshakata. Mwakani utakula uongozi?"

Redempta alitamani kumnyamazisha, akaishia kutazama viatu vyake.

Pikapu ilisimama sokoni. Kalista hakushuka.

"Tangu tumzike mume wangu," alisema taratibu, "nimekuwa nikingoja mmoja wenu aseme, leo twende kwa Kalista."