Dada Hiradevi na Mifuko Iliyokaa Chini ya Meza

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya mazingira, Bi. Hiradevi Tuladhar anastaafu siku ya mwisho ya mwezi huu wa Asar, wa tatu katika kalenda yetu. Aliingia akiwa karani wa kupiga chapa. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha taka. Na katikati hapo, jamani, alitufumbua macho sote!

Watumishi wapya hawaijui habari hii. Tulikuwa tumebandika mabango ya kukataza mifuko ya plastiki na kutoza faini, lakini mto ulizidi kujaa plastiki. Ukiwauliza wakazi, kila mmoja aliapa kwamba anaichukia. Asubuhi moja Dada Hira akaingia ofisini na mboga zake ndani ya mfuko uleule tulioupiga vita. Pasang, dereva wetu, akaangua kicheko: "Dada, lile tangazo uliliandika wewe au pacha wako?"

Aliona haya, masikio yakamwiva. "Mwenzangu, sikuuomba," akasema. "Nimenyooshewa, nikapokea." Akachukua daftari, akarudi sokoni. Siku tisa alikaa akitazama mikono ya watu ikinyooshewa mifuko na kupokea.

Alirudi na pendekezo la mstari mmoja: muuzaji aweke mifuko chini ya meza, asiitoe mpaka aombwe. Mkuu wetu wa wakati huo akacheka: "Walioshinda faini ndio watashindwa na hilo?" Akampa soko moja na mwezi mmoja, akishindwa, ahamie ghalani.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Bibi Nhuchhemaya, muuza mboga, alimfokea: "Mwanangu, wateja wakinikimbia utanilisha wewe?" Dada Hira akavua viatu, akaketi kando yake, wakauza pamoja hadi jioni. Wateja walisita, wakacheka, wakatoa vikapu na vitambaa. Kuomba mfuko kuliwatia uvivu! Mwezi ulipokwisha, saba kati ya kumi waliondoka bila plastiki, na Bibi ndiye aliyekuwa akiwagombeza wauzaji wenzake waliotoa mifuko kabla ya kuombwa. Leo hiyo ni kanuni ya masoko yote ya mji.

Dada Hira, asante. Hukutuona wabaya; ulituona wavivu, ukatutungia sheria inayotufaa jinsi tulivyo. Nenda kapande haradali juu ya paa lako, ule bara, zile chapati za dengu, zikiwa moto bila kutazama saa. Maisha yakunyookee. Nasi tutakuja kukutembelea, tena bila kualikwa.