Neno la Kastori kwa Mama Yake

Ndugu waombolezaji, majirani wa Butihinda na ninyi mliotoka Gitega na Muyinga, familia imenituma mimi Nazario, mjomba wa marehemu, niwasomee maisha ya kijana wetu Kastori, na nitasoma nikimtazama dada yangu Christina, mama yake, aliyeketi pale na simu mkononi tangu juzi.

Kastori alizaliwa tarehe 9 Agosti 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilaya ya Ngara, Tanzania, mtoto wa pekee wa Christina na Fredi. Mwaka 1997 Fredi alivuka mpaka kuja kutazama shamba hapa Butihinda, akaahidi kutuma habari akifika, habari haikuja mpaka leo, na tangu hapo dada yangu amekuwa mtu wa wasiwasi, mtoto akitumwa hata kwa jirani shurti isikike kwamba amefika.

Alisoma shule ya msingi kambini, familia ikarejea Butihinda tarehe 3 Julai 2007, akamaliza sekondari mjini Muyinga, kisha akasomea ufundi wa mitandao ya kompyuta Gitega hadi mwaka 2016. Kila safari alipiga simu, neno moja tu, nimefika, na dada yangu hakugusa chakula kabla ya kulisikia. Tuliwacheka wote wawili, wala hawakutujali.

Februari 2017 aliajiriwa na kampuni ya mtandao mjini Gitega, kazi yake ikawa kupanga ruta, vile viboksi vinavyopitisha mawasiliano, nyingi zikiwa huko Muyinga, naye akizirekebisha akiwa ameketi Gitega. Alinieleza kwamba ukikosea ukafunga njia ile ile unayoingilia, umejifungia nje, kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio aliiamuru ruta irudie hali yake ya zamani, iwapo yeye hatathibitisha kwamba bado wanasikilizana. Nikamwambia, hiyo umeitoa kwa mama yako, akacheka sana.

Mara moja tu, tarehe 14 Machi 2018, kwa haraka alisahau amri hiyo, akafunga njia, hospitali moja ya Muyinga ikakosa mtandao, majibu ya maabara yakakwama, ikabidi apande gari kwenda huko, roho juu njia nzima. Nesi aliyempokea alimsema mpaka akakosa pa kuweka uso, na nesi huyo ndiye Kasilda, waliyefunga naye ndoa hapa Butihinda tarehe 22 Agosti 2020, wakajaliwa Raissa, tarehe 5 Mei 2021, na Fredi, tarehe 18 Novemba 2023.

Tarehe 10 Juni 2025, akisimika ruta katika kituo cha afya huko Buhinyuza, alishikwa na maumivu ya kifua, akalazwa Muyinga, kesho yake ikaamuliwa apelekwe Gitega. Kabla gari la wagonjwa halijaondoka alimsihi Kasilda asimtishe mama, amwambie tu kwamba yuko safarini na atapiga mwenyewe akifika. Dada yangu akangoja, chakula kikapoa, akangoja. Kastori alifariki hospitalini Gitega asubuhi ya tarehe 12 Juni 2025, kwa ugonjwa wa moyo. Kasilda alikuja mwenyewe kumwambia, Christina akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba simu yake ichajiwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Muyinga na Gitega, majirani mlioleta maji na kuni, na wafanyakazi wenzake, ambao wamenihakikishia kwamba ruta zote za Muyinga zinafanya kazi kama alivyoziacha.

Dada yangu Christina, ruta isipopata jibu hurudi ilivyokuwa, sisi binadamu hatukupewa hilo, na ninajua unachongoja. Safari hii mwanao hakuweza kupiga, kwa hiyo nasema mimi kwa niaba yake, mbele ya watu hawa wote, amefika. Weka simu chini, dada, ule.

Kastori, mama amesikia. Pumzika kwa amani.